Kwako uliyemwaga senene wa Mama

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, ujumbe unausoma na kunyamaza, basi nakuandikia hapa. Wengine watakaosoma watuwie radhi. Hujambo? Watoto hawajambo? Huku Bukoba juzi usiku senene, wale panzi wetu wa kukaanga, walishuka, watu wamekesha kwenye taa.

Umeshajua nataka kusema nini.

Mei 2021 nilifika kwako Maryland wiki ileile nyenje walipoanza kutoka. Bustani yako ilitoboka matundu ya kuingia kidole. Asubuhi maganda yao yalikuwa yameng'ang'ania miti, ukikanyaga yaliyoanguka yanalia kama bisi. Macho mekundu, mbawa zina mishipa ya rangi ya chungwa. Shemeji akanieleza kwamba tangu 2004 walikuwa chini wakifyonza mizizi, miaka 17, wakingoja udongo ufike joto la nyuzi 18 hivi ndipo watoke kwa pamoja. Madume yakianza kuimba mchana, sisi barazani tunaongea kwa kupayuka. Hata ndege ya waandishi waliokuwa wakimfuata Biden Ulaya waliiingilia, ikachelewa kwa saa kadhaa. Ulicheka mpaka ukajishika mbavu. Nilikumisi, dada.

Kisha Jumamosi ile.

Kopo la Blue Band. Wewe unajua Mama hakuwa na mapipa na mabati ya wafanyabiashara. Senene wale aliwaokota chini ya taa ya barazani, mmoja mmoja, na mgongo wake ule, akawanyonyoa mbawa, miguu na masharubu, akawakaanga, akawaanika. Zamani za Bibi wanawake waliokota, wakala wanaume. Ndiyo maana Mama alipenda sana wewe ule. Mimi pale uwanja wa ndege nililieleza kopo lile jasho likinitoka.

Kengele ya mlango ikalia, wageni wa shemeji. Ukalichukua kopo mezani, ukakanyaga kanyagio la pipa la taka, ukamimina. Halafu ukapuliza manukato jikoni. Yale manukato ndiyo siwezi kuyasahau.

Hata hivyo ningeyameza, ugenini kuna mambo yake. Lakini wiki mbili baadaye jirani yako alileta bakuli la nyenje, kawakaanga kwa kitunguu saumu, nawe ukala. Nilikuhesabia: wanne. Ukasema wana ladha ya karanga! Shemeji akasoma kwenye simu kwamba mamlaka yao ya chakula na dawa inawaonya wenye mzio wa vyakula vya baharini wasiwaguse, maana nyenje ni jamaa wa kamba. Mkacheka. Nami nikacheka. Mgeni afanyeje?

Nakushauri kama kaka yako: usiwalee wanao wakaona haya chakula cha bibi yao. Na usinijibu kwamba hata mimi nilidanganya. Ndiyo, Mama aliponiuliza nilimwambia umemaliza kopo zima kwa siku mbili. Ningemwambia nini, na presha yake ile? Alifurahi, akapiga vigelegele peke yake jikoni. Tangu hapo kila Novemba akawa anakuwekea lingine, akingoja mtu wa kukuletea. Wewe ungeweza kumwambia kweli? Na yale niliyomwambia Shangazi msibani sikukusudia yakufikie. Nilikuwa sijalala siku tatu, na wewe hukuwepo. Najua, tiketi, kibali, kazi. Najua.

Kopo la mwisho liko kwangu. Amelibandika plasta, ameandika jina lako kwa mwandiko wake ule wa kulala. Sijalifungua. Wiki iliyopita nimekuta sisimizi wamejipanga kutoka dirishani hadi kwenye mfuniko, basi nimelisimamisha katikati ya sinia la maji. Maji yanakauka upesi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini naongeza.