Maji ya Kuku Yasipate Moto: Sola Ndogo Isiyo na Betri kwa Mabanda ya Mtwara na Lindi

Tangu joto la kaskazi lilipoanza, wateja kadhaa wametuletea sisi mafundi wa sola swali linalofanana. Wameona video za wafugaji wa Marekani na Kanada wanaotumia paneli ya sola kuzuia maji ya kuku yasigande wakati wa theluji, nao wanauliza kama mtambo wa namna hiyo unaweza kugeuzwa ukapoza maji badala ya kuyapasha. Wana haki ya kuuliza. Huku kwetu hakuna maji yanayoganda bandani, lakini yapo maji yanayopata moto kiasi kwamba kuku huchovya mdomo, hutikisa kichwa na kuondoka bila kunywa. Jibu letu ni kwamba sola inafaa kwa kazi hii, na inafaa Mtwara kuliko inavyofaa huko zilikotoka video hizo, ila si kwa njia ambayo wengi huitarajia.

Tuanze na kuku mwenyewe. Joto la mwili wake ni takribani nyuzi 41, hana tezi za jasho, na hewa inapokuwa ya moto njia yake kuu ya kujipoza ni kuhema mdomo wazi ili unyevu utoke pamoja na pumzi. Unyevu huo hutoka kwenye maji anayokunywa. Hewa ikiwa ya wastani, karibu nyuzi joto 20, kuku hunywa maji yenye uzito wa takribani mara mbili ya chakula anachokula. Hewa ikipita nyuzi 30 uwiano huo huweza kuongezeka maradufu, kwa sababu anakunywa zaidi huku akila kidogo. Kuku wa mayai anayetosheka na robo lita siku ya kawaida anaweza kuhitaji karibu nusu lita siku ya joto kali. Maji yakiwa na moto atayakwepa saa ileile anapoyahitaji kuliko saa nyingine yoyote, na mfugaji ataliona jambo hilo kwenye trei: mayai yanapungua, mengine yanakuwa madogo, na maganda yanakuwa membamba. Sehemu ya ndani ya yai, kwa uzito, ni maji kwa karibu robo tatu, hivyo kupungua huko hakupaswi kumshangaza mtu. Ganda jembamba nalo lina sababu zake. Kuku anayekula kidogo hupata kalsiamu kidogo, na kuku anayehema mfululizo hupoteza hewa ya kaboni kutoka kwenye damu, na hewa hiyo ni sehemu ya malighafi ya kutengenezea ganda. Ndiyo maana baadhi ya wafugaji huongeza chokaa kwenye chakula na bado hawaoni tofauti kubwa mpaka joto lipungue.

Tunaomba jambo moja lizingatiwe kabla ya kufika dukani. Kuku anayesumbuliwa na joto huhema na kutanua mabawa mchana, kisha hupata nafuu jua linapotua. Kuku anayezubaa asubuhi kungali baridi, anayeharisha kijani au anayepinda shingo ana tatizo jingine, huenda ni mdondo, na anayehitajika hapo ni afisa mifugo wala si fundi wa sola.

Sasa joto hilo linaingiaje kwenye maji? Mara nyingi si hewa inayoyapasha, bali ni jua lenyewe likiwa limeachiwa njia. Saa sita mchana, mbingu zikiwa safi, kila mita moja ya mraba iliyolala juani hupokea karibu wati 1,000. Chukua beseni jeusi lenye upana wa sentimita 30 na lita 5 za maji. Beseni hilo linapokea takribani wati 70, na nguvu hiyo inatosha kupandisha joto la maji kwa nyuzi 9 hadi 12 kwa saa moja, ukiacha kile kinachopotea hewani. Maji yaliyojazwa saa nne yakiwa ya ubaridi wa kisima hayanyweki ifikapo saa saba. Mpira mweusi uliopitishwa juu ya bati ni mbaya zaidi, kwa sababu una maji machache na uso mkubwa unaopokea jua. Tulipokwenda kukagua banda moja upande wa Naliendele, mwenye banda alikuwa na hakika kwamba tatizo ni simtanki. Tulibonyeza chuchu ya kwanza (kile kidude cha kwenye bomba ambacho kuku hukidonoa ili kitoe maji) kwa kidole saa nane mchana, na maji yaliyotoka yalikuwa ya kuogea. Tulipoyaacha yatiririke kidogo yakawa baridi. Tangi lilikuwa kwenye kivuli cha mwembe na halikuwa na kosa. Moto ulikuwa kwenye kipande cha mpira kilichokatiza uwanja, ambamo maji yalilala yakisubiri kuku wanywe.

Jambo hili ndilo msingi wa huduma yetu yote. Maji yaliyolala mahali pembamba hupata moto, na maji mengi yaliyo chini ya ardhi hubaki na ubaridi. Kazi ya sola basi si kutengeneza baridi, bali ni kuyazungusha maji ili yale ya kwenye bomba yasilale.

Tofauti na nchi za baridi inaanzia hapo. Kule maji huganda usiku, wakati ambapo hakuna jua. Kipasha maji cha wati 100 kikiwaka kwa saa 14 za usiku wa majira ya baridi kinakula yuniti 1.4 za umeme. Betri ya asidi ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina yuniti 1.2 kwenye maandishi, na ukitaka idumu hutakiwi kuitumia zaidi ya nusu. Kwa hiyo mfugaji wa huko anahitaji zaidi ya betri mbili, na baridi yenyewe huzipunguzia uwezo. Kisha anahitaji paneli za wati mia kadhaa kuzijaza kwa siku fupi yenye jua hafifu. Wafugaji wengi wa huko hufanya vizuri zaidi wakianza na chombo kikubwa kilichofunikwa vizuri, kwa kuwa kila lita moja ya maji hutoa kilojuli 334 za joto kabla haijaganda yote, na maji mengi huchelewa kuganda. Ushauri huo tungempa pia mfugaji wa Makete, ambako Juni na Julai huwa na asubuhi za sakitu.

Kwetu mambo ni kinyume, na kinyume hicho kina faida. Maji yanapata moto saa ambazo jua ni kali, na paneli inatoa umeme mwingi saa hizohizo. Jua likifichwa na wingu pampu hupunguza kasi, lakini na moto kwenye bomba hupungua. Jua likizama pampu husimama, na hakuna hasara kwa sababu hakuna tena kinachopasha maji. Betri haina kazi hapa. Tunalisisitiza hili kwa sababu betri ndiyo kifaa cha mfumo mdogo wa sola kinachokufa mapema, na betri ya asidi huathirika zaidi inapokaa kwenye joto kama la pwani: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake kwa takribani nusu. Mteja aliyekuja tayari kulipia betri tunamwomba aihifadhi fedha hiyo.

Mfumo tunaofunga kwa banda la kuku 50 hadi 100 una sehemu chache. Pipa la plastiki la lita 200 linafukiwa chini ya kivuli mpaka shingoni, mdomo wake ukiwa na kifuniko kinachobana. Udongo wa kina cha mita moja haufuati mchana na usiku; hukaa karibu na wastani wa joto la mwaka, ambao kwa Mtwara ni nyuzi 26 hivi. Haya si maji ya friji, na hatuahidi hivyo, lakini ni maji ambayo kuku atayanywa. Ndani ya pipa kuna pampu ya volti 12 inayotumia wati 5 hadi 10. Pampu inasukuma maji kwenye bomba la chuchu lililopita ndani ya banda, na mwisho wa bomba hilo unapanda hadi kwenye ndoo ya lita 20 yenye kifuniko, iliyotundikwa kivulini kitako chake kikiwa juu ya chuchu kwa sentimita 30 hadi 40. Ndoo ikijaa, maji ya ziada yanashuka kwa bomba jingine kurudi kwenye pipa. Pampu ikisimama jioni, ndoo inalisha chuchu kwa mteremko mpaka asubuhi, na valvu ndogo inazuia maji yasirudi kupitia kwenye pampu.

Wengine hushuku kwamba kuzungusha maji ni kulipasha pipa zima. Hesabu inasema vingine. Bomba likikusanya hata wati 100 za joto kwa saa tano mfululizo, maji ya lita 200 yatapanda takribani nyuzi 2 tu, na usiku udongo utauchukua moto huo. Ukijaza pipa alfajiri badala ya mchana, unaanza siku ukiwa mbele.

Kwa paneli tunaweka ya wati 20, kubwa kuliko mahitaji ya pampu, ili pampu iendelee kufanya kazi hata jua likiwa nusu. Hapa pana hatari ambayo wanaojifungia wenyewe hawaioni. Paneli inayoitwa ya volti 12 hufanya kazi kwenye volti 18 hivi, na isipobebeshwa mzigo hufika 21 au 22. Pampu ndogo ya volti 12 ikiunganishwa moja kwa moja itazunguka kwa nguvu ya kuvutia, kisha itaungua. Kati ya paneli na pampu tunaweka kipunguza volti pamoja na fyuzi. Paneli inaelekezwa kaskazini, kwa sababu tuko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na inainamishwa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iioshe. Isikae chini ya mnazi au mkorosho: kivuli cha kuti moja juu ya sehemu ya paneli kinaweza kupunguza umeme mwingi kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe. Kwa walio Mikindani, Shangani, Lindi mjini na Kilwa, ambako upepo unaleta chumvi, fremu na boliti ziwe za alumini au chuma kisichoshika kutu; misumari ya kawaida haidumu.

Hatukubali kufunga mzunguko huu kwa vyombo vya wazi. Maji yaliyoguswa na midomo, yenye makapi ya chakula na kinyesi, yakirudi kwenye pipa yatasambaza ugonjwa wa kuku mmoja kwa banda zima, kuhara damu kukiwemo. Chuchu zinafunguka kwa nje tu, na kinachorudi kwenye pipa ni maji ambayo hayakuguswa. Hata hivyo mabomba yasafishwe mara kwa mara, kwa kuwa utelezi hujijenga ndani yake. Siku ya kuwapa kuku chanjo kwa maji, mfumo uzimwe, chanjo iwekwe kwenye vyombo vya pembeni vyenye maji yasiyo na klorini, kwani klorini huua chanjo hai, na maelekezo ya mtaalamu wa mifugo yafuatwe.

Si kila mfugaji anahitaji gharama hii. Mwenye kuku kumi wa kienyeji wanaojitafutia atafanya vizuri akiwa na mtungi wa udongo chini ya mwembe, akibadilisha maji asubuhi na saa sita. Mtungi hupoza maji yanapovuja taratibu na kukauka, na kwa kuwa hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, haupozi kama ungepoza Dodoma, lakini unasaidia. Vifaranga wa siku za mwanzo hawapewi maji baridi kabisa. Kwao mfumo huu haufai. Na kwa ndugu zetu wa nyanda za Makonde, Newala na Tandahimba, ambako maji ni adimu, mzunguko una faida nyingine, kwa sababu chuchu hazimwagi maji kama beseni linalopinduliwa.

Wale wanaotaka tuwafanyie makisio waje na mambo manne: idadi ya kuku na aina yao, urefu wa banda, umbali kutoka mahali pa kufukia pipa hadi bandani, na kipimo cha joto la maji yanayotoka kwenye chuchu au kwenye chombo saa nane mchana. Asiye na kipimajoto tunamwazima. Ikiwa kipimo kitaonyesha kwamba kuhamisha mpira au kuufukia ardhini kunatosha, tutamweleza hivyo, na kazi hiyo anaweza kuifanya kwa jembe lake siku hiyohiyo.