Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Tuliobishania Rangi

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wapenzi wa mabasi,

Nawasalimu nyote, mlio hapa ukumbini na mtakaoisoma taarifa hii nyumbani. Mambo ya kawaida nayapitia haraka. Kamati ilikutana kama katiba inavyotaka, mweka hazina atawasomea hesabu nikishamaliza, na katibu atawatambulisha wanachama wapya, ambao nawakaribisha kwa moyo mkunjufu. Muda uliobaki naomba niutumie kwa jambo lililotutawala tangu mkutano uliopita, yaani sare za mabasi yetu: rangi, nembo na michoro yake.

Mnakumbuka lilivyoanza. Jioni ya picha, mwenzetu mmoja alituonyesha basi jipya la umeme. Ubavu ulikuwa mweupe mtupu, na mgongoni limechorwa jani la kijani na waya wa kuchajia. Mmoja wetu akasema hajawahi kuona sare safi kama ile. Wa pili akasema ile si sare, ni tangazo la betri. Toka jioni ile hatujakaa kikao ambacho hoja hiyo haikurudi, na mara mbili niliahirisha ajenda nyingine ili watu wamalize kusema. Sijutii hata kidogo.

Wanaotaka sare moja kwa mabasi yote wana hoja nzito, na wanaoichukia wana mfano wao mkubwa: National Bus Company, shirika la serikali ya Uingereza lililomiliki kampuni nyingi za mabasi. Kampuni hizo za mikoani, kila moja na rangi iliyorithi, zilitakiwa kuanzia mwaka 1972 zivae ama nyekundu ama kijani, chini ya nembo moja ya herufi N mbili iliyobuniwa na Norman Wilson. Makochi, yaani mabasi ya safari ndefu, yote yakawa meupe. Wakongwe wetu bado wanalisimulia jambo hilo kama msiba, na nimewasikiliza kwa heshima, maana mtu aliyekua akipanda basi la rangi fulani kwenda shule hapotezi rangi tu siku inapofutwa. Lakini nasema wazi kwamba makochi yale meupe yalifanya kazi kubwa. Kwa mara ya kwanza abiria aliona safari ndefu za nchi nzima kama mtandao mmoja, wala hakuhitaji kujua nani anamiliki gari lipi.

Kisha tarehe 26 Oktoba 1986 biashara ya mabasi ilifunguliwa kwa ushindani nje ya London, shirika lile likauzwa vipande vipande, na rangi zikarudi kama mafuriko. Wapenzi wa wingi wa rangi wanauona wakati ule kama sikukuu. Mimi nakumbusha upande wa kituoni. Pale kampuni mbili zinapogombea barabara moja na tiketi ya hii haikubaliki kwenye ile, rangi inageuka kuwa kitu cha kumwambia abiria basi la kuliacha lipite.

Hata ile nyekundu ya London, ambayo wengi wetu tunaitaja kama kilele cha sare ya jiji, ilizaliwa katika ushindani. London General Omnibus Company iliyapaka magari yake nyekundu mwaka 1907 ili yatofautike na ya wapinzani. Rangi ya mshindani mmoja ikazoeleka hadi ikawa rangi ya jiji zima. Kwa hiyo ninaposikia mtu akisema sare za leo ni biashara tupu na za zamani zilikuwa utu na utamaduni, namwomba aangalie tena mwanzo wake. Muda ndio uliozipa heshima hizo sare, na hakuna ajuaye ni ipi kati ya hizi tunazozidharau leo itakayopewa heshima hiyohiyo.

Kundi la tatu lilichelewa kusema, nalo ndilo lililonifundisha zaidi. Hawa hawajali sana uzuri, wanauliza rangi inasema nini. Walituletea Seoul, ambako tarehe 1 Julai 2004 mabasi yalipangwa upya kwa rangi: bluu kwa njia kuu zinazokatiza jiji, kijani kwa njia fupi zinazowafikisha watu kwenye treni na njia kuu, nyekundu kwa mabasi yaendayo miji ya pembezoni, na manjano kwa yanayozunguka katikati. Curitiba ya Brazili ilitangulia zamani kwa wazo hilohilo: nyekundu kwa mabasi marefu yanayopita kwenye njia zake maalumu, rangi ya fedha kwa yasiyosimama vituo vingi, chungwa kwa yanayolisha njia kuu. Huko huhitaji kujua jina la kampuni. Rangi imeshakujibu kabla hujasoma namba.

Mwanachama mmoja alipinga kwa kuitaja Nairobi. Huko kila matatu ina sura yake, na sheria ya mkanda wa manjano ya mwaka 2004, iliyokusudia kuyafananisha magari, haikuiua michoro. Alisema kuna abiria wanaolingojea gari fulani kwa sababu ya picha iliyo ubavuni mwake, na kwamba hakuna ofisi ya wasanifu itakayoweza kupanga mapenzi ya namna hiyo. Namuunga mkono. Sioni jinsi ya kuyaweka mawazo haya mawili kwenye kapu moja, na sitajaribu.

Sasa niwaeleze jioni iliyonibadilisha mimi mwenyewe. Tulikubaliana tuache picha za ukumbini, twende tukasimame kando ya barabara giza linapoingia, kukiwa na manyunyu, kila mmoja aseme basi linalokuja ni la sare gani mara tu anapolitambua. Mwenzetu mmoja, ambaye miaka yote alikaa kimya katika mijadala ya rangi, ndiye aliyetuambia hapo kwamba ana upofu wa rangi. Nyekundu na kijani kwake ni kitu kimoja. Kumbe mabasi yote aliyoyapenda tangu utotoni aliyatambua kwa mkanda wa rangi ya maziwa chini ya madirisha, kwa paa jeupe, kwa mahali ambapo weusi unakutana na weupe. Sare mbili tulizozibishania mwezi mzima, yeye alikuwa hazitofautishi.

Toka jioni hiyo naitazama kila sare kwa macho mengine. Swali langu la kwanza limekuwa ni wapi rangi nzito inakutana na rangi nyepesi, na kama mkutano huo unaonekana kwa mbali. Hili si wazo geni. Mwaka 1939, wajumbe waliokutana Chuo Kikuu cha Columbia kwa mwito wa Frank Cyr kupanga viwango vya mabasi ya shule ya Marekani walichagua manjano ile maarufu, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba maandishi meusi juu yake yanasomeka hata kwenye mwanga hafifu wa alfajiri.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wapenzi wa michoro ya kupinda. Zamani fundi alifuata bodi yenyewe. Vipande vya chuma vilivyofunika maungio ya mabati vilimpa mstari, na rangi ilibadilika pale bodi ilipobadilika, ndiyo maana sare nyingi za kale zinatulia machoni. Siku hizi stika inapita juu ya mlango, dirisha na tundu la hewa bila kujali, na mchirizi unaopanda kutoka gurudumu la nyuma hadi paani umekuwa wa kila mahali. Si yote mabaya. Msanifu mzuri anajua kuutumia mchirizi kuficha mgongo wa basi, ambao ndio unaochafuka zaidi kwa sababu upepo wa nyuma ya gari huvuta matope na vumbi na kuyabandika hapo. Rangi nzito mgongoni ina akili ndani yake. Ila mchirizi uliowekwa ili basi lionekane linakimbia, hata likiwa limesimama gereji, sijaona unamsaidia nani.

Kuhusu stika za matangazo zinazofunika madirisha, karibu sote tulikuwa na sauti moja. Zina vitundu vidogo, ni kweli, na mchana wa jua unaona nje. Usiku wa mvua, maji yakishajaa kwenye vitundu, abiria hajui amefika wapi. Tuliiandikia kampuni moja barua kwa niaba yenu. Walitujibu kwa adabu na hawakubadilisha kitu. Tutaandika tena. Na mabasi yaliyoandikwa jina la njia moja ubavuni kisha yakapangiwa njia nyingine, hilo halihitaji mjadala: ni kumpoteza abiria.

Limebaki la kumbukumbu. Wawili wetu walikaribia kukosana juu ya wekundu wa basi moja la zamani, kila mmoja akiwa na picha mkononi, na picha zenyewe hazikufanana. Wote wawili walikuwa wakweli. Picha za rangi zilizochapishwa miaka ya 1970, hata zikikaa ndani ya albamu, hupoteza rangi yake ya samawati na kubaki na wekundu usiokuwepo. Basi lenyewe nalo likikaa juani miaka mingi, nyekundu yake hukaribia waridi. Tumekuwa tukiapa kwa ushahidi unaobadilika rangi.

Kamati imeamua kwamba kuanzia mwaka ujao chama kitunze sampuli halisi: vipande vya bati, mabaki ya makopo, vibao, chochote chenye rangi ya asili, vikae gizani ndani ya sanduku kavu na kupimwa kwa kadi za RAL, mfumo wa kuzipa rangi namba uliopo tangu 1927 ambao mafundi wa rangi wengi wanaufahamu. Mwenye kipande akilete kwa katibu kabla ya kikao kijacho. Nyuma yake aandike kimetoka basi lipi na sehemu gani ya bodi, na kama kilikuwa upande uliopigwa na jua. Tafadhali msikisugue wala kukiosha kwa sabuni kabla hatujakiona.