Shukrani kwa mzee wa mitego ya Amani

Mzee wetu, shikamoo. Sisi walimu wa kozi ya wadudu kwenye msitu wa Amani, Usambara Mashariki, tunakushukuru kwa dhati. Kila kikombe cha mtego, ambamo wadudu watambaao hutumbukia, ulikifukia mdomo ukiwa sawasawa na udongo. Ukichomoza hata kidogo, mbawakawa huuzunguka akaenda zake. Ukatia maji kiasi na tone la sabuni, maana bila sabuni mdudu mdogo huelea juu na kutoka. Juu ukaweka kipande cha bati kwenye vijiti, mvua isifurishe kikombe na kumwaga sampuli. Wanafunzi walihamishia wadudu kwenye ethanoli (alkoholi ya kuhifadhia) ya asilimia 70, lebo za penseli ndani, kwani wino wa kalamu huyeyuka humo. Asante sana, baba.