Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka tulioshuka chini ya London

Wanachama wenzangu, salamu nyingi na poleni na baridi.

Mwaka huu matembezi yetu yamekua machache, ila lile la mtaa wa Walbrook, London, peke yake limenitosha. Tulishuka kama mita 7 chini ya barabara ya leo mpaka kwenye hekalu la Mithras, mungu aliyeabudiwa na Warumi walipoitawala London, pale chini ya jengo la kampuni ya Bloomberg, na mliokuja mnakumbuka watu walivyonyamaza.

Kwa ambao hamkuwepo: hekalu lilionekana 1954 wakati ofisi zinajengwa palipopigwa mabomu ya vita, na siku iliyopangwa iwe ya mwisho kuchimba ndo kikatoka kichwa cha Mithras cha marumaru, basi watu wakapanga foleni, kama laki 4 ndani ya wiki mbili. Baadae mawe yakahamishwa, 1962 yakajengwa upya sehemu nyingine. Ofisi zile nazo zilipovunjwa, wataalamu wa MOLA, shirika la wachimbaji wa mambo ya kale London, wakachimba tena, 2010 mpaka 2014, na humo vikatoka vibao 405 vya kuandikia.

Hivyo vibao ndo vimenikaa moyoni. Vilipakwa nta, mtu anaandika kwa kalamu ya chuma, nta imeshapotea lakini ncha ilikua inakwaruza mpaka kwenye mbao, na tope la mto Walbrook likazuia hewa mbao zisioze karibu miaka 2,000. Kimoja ni cha tarehe 8 Januari mwaka 57 baada ya Kristo, mtu aitwaye Tibullus anakiri kwamba mwenzake Gratus anamdai denari 105, sarafu za fedha za Kirumi, za bidhaa alizouziwa na kuletewa, na wote wawili walikua watumwa walioachwa huru. Yaani daftari la madeni la dukani kabisa! Miaka michache tu baadae watu wa Boudica, malkia wa Waingereza wa kale aliyeasi Warumi, wakauchoma mji wote.

Sasa jamani, haya hayaji kwa bahati. Tangu 1990 utaratibu wa serikali Uingereza ni kwamba mwenye mradi wa ujenzi ndo anagharamia uchimbaji wa mambo ya kale kabla hajaweka msingi, kabla ya hapo ilitegemea huruma yake. Na halmashauri inaamua kama uchimbaji unahitajika kwa kuangalia maombi ya ujenzi, ambayo yako wazi na mwananchi yeyote anaruhusiwa kutoa maoni. Kamati imekubali tuanze kuyasoma. Ombi moja mwaka huu tulichelewa, muda wa maoni ukapita, mimi ndo nilitakiwa kufuatilia na nawaomba radhi. Nahitaji watu wanne wa kujitolea, sio lazima uwe msomi wa historia, uvumilivu wa kusoma makaratasi unatosha.

Hesabu mhazini atazisoma mkutanoni, ada wengi bado hatujamaliza tafadhalini. Matembezi yajayo ni kwenye uwanja wa michezo wa Warumi chini ya Guildhall, jumba la zamani la halmashauri ya jiji la London, ulionekana 1988, kuingia bure, njooni na watoto.