Barua kwa mwanangu aliyeko Portland, Marekani

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku Tanga. Sote hatujambo, bibi yako goti bado linamsumbua ila anatembea. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata, na ule mkataba wa bendi yenu uliopiga picha nimeusoma mara mbili. Kabla sijausemea, nataka tuzungumze habari za Fred na Toody Cole, wale wanamuziki mume na mke, maana wewe ndiye uliyenitia kwao. Tangu uniletee nyimbo za bendi yao ya roki, Dead Moon, nazisikiliza nikiwa kwenye cherehani.

Siku ya kwanza nilidhani spika imepasuka. Gitaa linakwaruza, na yule baba anaimba kama mtu anayeita mashua iliyokwisha kung'oa nanga. Siku ya tatu nikajikuta naisubiri sauti ya Toody iingie.

Kilichonikamata hasa ni ile mashine. Fred hakumwachia mtu mwingine achonge santuri zake. Alikuwa na mashine yake ya kuchongea, ya mono, yaani ya sauti ya njia moja, iliyoundwa mwaka 1954, nyumbani kwao Clackamas, hapo jirani na mji unaokaa. Sahani inazunguka, sindano inashuka, wimbo unachimbwa palepale, duara baada ya duara, na kijiuzi chembamba kinachomoka mbele ya sindano. Ukikosea, sahani hiyo imekwenda. Hakuna kufumua. Mimi nimekaa mbele ya sindano miaka 31, mwanangu, najua pumzi inavyobanwa mkono unapopita mahali pasiporudiwa. Kutoka kwenye sahani hiyo ndipo santuri zikatolewa, kwa jina la kampuni yao wenyewe, Tombstone.

Hakuanza hivyo. Katika miaka ya 1960 alikuwa kijana wa bendi ya Weeds, moja ya zile bendi za roki ya gereji, yaani roki ghafi ya vijana. Wakatoka kuelekea Kanada kukwepa kuandikishwa vita vya Vietnam, petroli ikawaishia Portland. Hapo akampata Toody, wakaoana mwaka 1967. Kisha meneja akaibadilishia bendi jina, ikaitwa Lollipop Shoppe, yaani duka la pipi, na albamu ikatoka mwaka 1968 kwa jina hilo ambalo hawakulitaka. Hapo niliweka mkasi chini. Unakumbuka yule tajiri aliyenishonesha kanzu msimu mzima wa Idi, akabandika lebo yake? Nilipita sokoni nikaona mshono wangu, pindo langu, jina la mtu mwingine shingoni. Nililipwa, ndiyo. Lakini sikupata mteja hata mmoja kwa kazi ile, kwa sababu hakuna aliyejua kuwa ni yangu.

Na Toody! Gitaa la besi alilishika mwishoni mwa miaka ya 1970, anakaribia miaka 30, mama wa watoto watatu, kwa kuwa mumewe alimtaka kwenye bendi. Akajifunza huku anapiga. Wewe una miaka 24 na unaniandikia kwamba umechelewa. Mwaka 1987 wakaanzisha Dead Moon pamoja na mpiga ngoma Andrew Loomis, watu watatu tu, mshumaa ukiwaka kwenye chupa juu ya ngoma zake. Walikuwa na duka la ala za muziki, nyumba waliijenga kwa mikono yao. Ulaya, hasa Ujerumani na Uholanzi, waliwapenda kuliko kwao, basi wakawa wanakwenda na kurudi, mpaka bendi ikavunjika mwaka 2006. Hawakukaa bure hata mwaka, wakaanza nyingine, Pierced Arrows. Mwaka 2014 Dead Moon wakarudi jukwaani. Loomis akafariki mwaka 2016, Fred Novemba 2017, miaka 50 tangu amwoe Toody.

Ile miaka 50 ndiyo ninayoitazama. Bendi zilibadilika, mke hakubadilika, na duka lilikuwa likiwangoja wakirudi safarini. Kwa hiyo ile kazi yako ya kuoka mikate usiiache kwa sababu ya bendi, na bendi usiiache kwa sababu ya mikate. Baba yako atanisikia nikisema hivi na atanuna. Mwache anune, nitazungumza naye.

Sasa mkataba. Kifungu cha sita kinasema nyimbo zote zitakuwa za hao wanaokupa mkataba, hata zile ambazo hujazitunga. Hata zile ambazo hujazitunga, mwanangu! Na kifungu cha tisa kinawapa ruhusa ya kubadilisha jina la bendi. Usitie saini. Nipigie baada ya sala ya alfajiri ya huku, kwenu itakuwa jioni ya jana, unisomee Kiingereza chake polepole, kifungu kwa kifungu. Nitakuwa na kalamu.

Mama yako