Elimu ya nyumbani? Mbona ninaitoa kila jioni

Mhariri,

Kuna msomaji aliyetuhimiza wazazi tuwatoe watoto katika shule za umma na kuwafundisha wenyewe nyumbani. Naomba nafasi nimjibu, maana kazi hiyo niliwahi kuifanya bila kupenda.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilibaki na wanangu wawili katika chumba kimoja na cherehani yangu. Mkubwa alikuwa darasa la sita, mdogo Gredi ya Pili. Tulisikiliza vipindi vya masomo vya KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, kwenye redio ya taifa, KBC, huku mteja anabisha hodi kuulizia dera lake. Hesabu za sehemu nilikuwa nimezisahau kabisa. Nikawa nazipitia usiku nisije nikaaibika asubuhi. Sikatai, mdogo alisoma vizuri kuliko shuleni. Darasani kwao wako sitini na tatu kwa mwalimu mmoja, na anayeuliza swali mara ya pili huambiwa akae chini. Hapo mwenzangu ana haki yake.

Lakini anaongea kama mtu mwenye nafasi. Mwalimu wa kuja nyumbani, intaneti, mtaala wa Uingereza, vyote hivyo vina bei. Mimi nikishinda nafundisha, dera halishonwi na jioni hakuna unga. Isitoshe, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule, na Mahakama Kuu ilishalikataa ombi la wazazi waliotaka elimu ya nyumbani itambuliwe. Hapo, kwa maoni yangu, serikali imekaza mno. Heri iwasajili wazazi hao na kuwakagua kuliko wafundishe kwa kujificha.

Shule zilipofunguliwa Januari 2021, mwanangu mdogo hakuweza kungoja zamu. Aliropoka majibu, akalia mwenzake alipochukua kifutio chake. Miezi tisa nyumbani kila kitu kilikuwa cha kwake. Muhula haujaisha, alikuwa akigawana kalamu na mtoto wa Kijaluo wa dawati moja, na akaja kutusalimu kwa Kijaluo mlangoni. Hilo mimi nisingeweza kumfundisha.

Ila walimu nao watuhurumie. Tangu mtaala huu wa umilisi (CBC), unaotaka mtoto ajifunze kwa kutenda, uingie, shule imehamia nyumbani. Mara leta picha za wanyama, mara tengeneza sanamu ya kufukuza ndege shambani. Huku Kisauni shamba liko wapi? Nilimshonea hiyo sanamu kwa vipande vya dera, akapata alama nzuri, sijui ni zake au zangu. Ninachoomba ni kitu kidogo tu: ujumbe wa kazi ya kesho uje mapema. Ukiingia kwenye simu saa tatu usiku, saiba ya mtaani, duka la intaneti na kuchapisha, imeshafungwa na picha za rangi sina pa kuzichapisha.

Fundi cherehani, mama wa wawili,
Kisauni, Mombasa