Risala ya Kikundi cha Akina Mama na Vijana wa Ukusanyaji Taka, Kata ya Soweto, Moshi, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani wetu,
Ndugu Mtendaji wa Kata,
Wenyeviti wa mitaa na mabalozi wa nyumba kumi,
Viongozi wetu wa dini,
Walimu, wanafunzi, wazazi na majirani wote mliofika,

Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe! Asalaam aleikum!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kukaa nasi chini ya turubai hili. Karibu sana Soweto, karibu nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni akina mama na vijana wa kata hii. Tulianza kwa kuzibua mitaro mbele ya nyumba zetu wakati wa masika, kwa sababu chupa za maji zikiziba kalavati, maji yanahamia vibarazani kwetu. Chupa tulizozitoa mtaroni tukaona zinauzika. Baada ya hapo tukaanza kupita nyumba kwa nyumba kuwaomba majirani wasizichanganye na uchafu mwingine. Leo tunakuomba utuzindulie utaratibu ambao kila nyumba iliyokubali itaweka viroba viwili getini: kimoja cha vitu vikavu vinavyouzika, kingine cha taka za kwenda dampo. Maganda na mabaki ya chakula yatabaki nyumbani yakawe mboji, au yatakwenda kwa mwenye mifugo.

Mji wetu una jina zuri. Moshi imetwaa tuzo ya usafi kitaifa zaidi ya mara moja, na sisi wenyeji tunajivunia. Lakini barabara kuwa safi ni jambo moja, na taka inakokwenda baada ya kuzolewa ni jambo jingine. Inakwenda dampo la Kaloleni ikiwa imechanganyika yote, boksi zima na pampasi, dumu zima na ugali uliochacha. Na isiyofika Kaloleni inafika mtoni. Mito ya Rau na Njoro ndiyo inayonywesha mpunga wa skimu ya umwagiliaji ya Moshi Chini, kule Mabogini na Chekereni. Chupa inayoachwa mtaroni huku mjini, mkulima wa kule ndiye anayeingia mferejini kuitoa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kukusanya vitu hivi mlangoni kwa mtu si wazo letu. Mji wa University City, jimbo la Missouri nchini Marekani, ulianza kukusanya magazeti majumbani mwaka 1974. Mwaka 1980 mji mdogo wa Woodbury, New Jersey, uliufanya utaratibu huo kuwa wa lazima kwa kila kaya. Nchini Kanada, mji wa Kitchener ulijaribu mwaka 1981 kuwapa wakazi sanduku la bluu la kuweka chupa, makopo na magazeti pembezoni mwa barabara, na kufikia mwaka 1983 mji mzima ulikuwa nalo. Siku hizi familia nyingi za vitongoji vya huko zina mapipa mawili au matatu yenye magurudumu, kila moja na rangi yake. Siku ya gari ikifika wanayasogeza barabarani, gari linanyanyua pipa kwa mkono wa chuma na kupeleka mzigo kwenye kiwanda cha kuchambua. Huko vitu vinapita juu ya mikanda. Sumaku inavuta makopo ya chuma. Alumini, ambayo sumaku haiishiki, inarushwa pembeni na mtambo mwingine. Mashine za mwanga zinaitambua plastiki ya kila aina na kuipuliza kwa upepo iende mahali pake. Kando ya mkanda wamesimama watu wanaotoa kwa mikono kile mashine ilichoshindwa. Mwishoni vitu vinabanwa marobota na kuuzwa.

Tulipojifunza hayo, kilichotugusa zaidi si mitambo. Ni kwamba hata wao, pamoja na mitambo yao yote, wanaangushwa na jambo lile lile linalotuangusha sisi, nalo ni kuchanganya. Mifuko laini inajisokota kwenye mashine mpaka kazi isimame, watu waingie na visu kuikata. Mwaka 2018 China, iliyokuwa ikinunua sehemu kubwa ya karatasi na plastiki kuukuu za dunia, ilipiga marufuku aina nyingi za mzigo huo, na ule ilioendelea kuupokea ikataka uchafu ndani yake usizidi asilimia 0.5. Iko miji ya Marekani iliyosimamisha ukusanyaji kwa sababu mzigo wake mchafu ulikosa mnunuzi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hili ndilo neno tulilokuitia hapa. Taka inaokolewa jikoni, kabla haijavuka mlango. Ikishalowa mchuzi, hatuna guta wala mzani utakaoirudishia thamani yake.

Chukua boksi la kawaida la dukani. Likiwa kavu na limekunjwa, mnunuzi analiweka kwenye mzani bila maneno mengi. Boksi hilo hilo likilala usiku mmoja kwenye kiroba chenye maganda ya ndizi na mafuta ya kukaangia, asubuhi limelowa na linanuka. Karatasi iliyoshika mafuta haitengenezi karatasi nyingine, kwa sababu mafuta yanazuia nyuzi zake zisishikane upya. Mnunuzi atalikataa, au atakata kilo kufidia maji, na hapo jasho la kijana aliyesukuma guta limepotea.

Chupa ya maji nayo ina mambo yake. Igeuze, chini utakuta pembetatu yenye namba 1. Kifuniko chake ni plastiki ya aina nyingine. Kiwandani vyote viwili vinasagwa na kutiwa kwenye maji: vipande vya chupa vinazama, vya kifuniko vinaelea, na hivyo vinatengana. Madumu ya mafuta ya kula mara nyingi yana namba 2, ndoo na vyombo vingi vya nyumbani namba 5, na kila aina inatakiwa ifungwe peke yake. Waliotufundisha kusoma namba hizi ni wanafunzi waliokaa pale mbele, na tunawashukuru. Mwenzetu anayepokea chupa haangalii namba tu. Anaitikisa chupa sikioni, akisikia maji anairudisha ikamwagwe, kisha anaikanyaga ndipo inaingia kwenye salfeti. Ukipita anapofanyia kazi mchana utasikia chupa zinavyopasuka chini ya buti lake.

Kuhusu maganda, watu wa Kilimanjaro hatuhitaji mwalimu. Kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, ganda la ndizi halijawahi kuwa taka. Linaliwa na ng'ombe au mbuzi, na samadi inarudi kwenye mgomba. Tuliposhuka mjini kwenye nyumba za kupanga, zenye uwanja mdogo uliosakafiwa, ndipo tukaanza kulitia kwenye kiroba. Vitu vya kuoza ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya uzito wa taka za majumbani mwetu. Nyumba ikivitoa, kiroba cha dampo kinakuwa chepesi, hakivuji, nzi wanapungua, na mbwa hawakichani usiku. Wapo wafugaji hapa hapa katani wanaoyataka maganda hayo, mradi yasiwe na vijiti vya meno na vipande vya chupa.

Tunaomba pia tuseme juu ya chupa ya soda ya kioo. Ni nadra kuikuta imelala mtaroni, kwa sababu mwenye duka hakupi soda ya kwenda nayo kama hukuleta chupa tupu au hukuacha hela ya chupa. Ya plastiki haidaiwi na mtu, ndiyo maana inazagaa. Sisi tunaamini ingekuwa nayo na dhamana, hata ndogo, watoto wangeirudisha wenyewe bila kutumwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto tunazo. Kubwa kuliko zote ni hii: kuna mtaa ambao nyumba zilitenganisha vizuri kabisa, gari la taka likaja, viroba vyote vikatupwa pamoja mbele ya macho ya wenye nyumba. Mama mmoja akatuuliza, "Sasa mimi nilikuwa najisumbua nini?" Lilikuwa swali la haki, na hatukuwa na jibu la kumpa. Baada ya hapo nyumba nyingi za mtaa ule zilirudi kwenye kiroba kimoja. Mtu hawezi kuendelea kuosha chupa ambayo anajua itakwenda kulala na pampasi.

Changamoto nyingine ni vijana wetu kudhaniwa wezi wanapopita getini alfajiri. Wengine wamejichoma sindano na kujikata vioo, kwa kuwa wanaingiza mikono ndani ya kiroba bila glavu. Tunawaomba majirani, kioo kilichovunjika na sindano vifungwe kando ndani ya kopo gumu. Na wapo wanaochoma plastiki uani jioni, moshi wake ukaingia vyumbani wanamolala watoto. Moshi huo una sumu. Tunawasihi waache, kiroba chetu kipo.

Kwa hiyo tunaleta maombi yetu kwako, Mheshimiwa. La kwanza, na tukipata hili moja tu tutarudi nyumbani tumeshiba, ni siku maalumu ya vitu vikavu katika kata hii, siku ambayo gari la dampo halipiti, ili alichotenganisha mama jikoni kibaki kimetengana mpaka mwisho wa safari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, hivyo tunajua tunaomba mahali panapohusika. Tunaomba pia eneo dogo la kujenga banda, maana maboksi yakinyeshewa yanatuharibikia yote. Tunaomba vitambulisho, glavu na mabuti kwa vijana wanaopita majumbani. Na tunaomba utusemee kwenye ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, tupate guta na mzani wa kwetu wenyewe badala ya kupimiwa na mnunuzi.

Wapo wanaosema wananchi hawatakubali. Tunawakumbusha tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchi nzima. Watu walihofia sokoni Mbuyuni watabebea nini nyanya na dagaa. Walikwenda na vikapu, na mpaka leo wanakwenda navyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mzani wa kuazima uko pale kwenye kivuli cha mwembe, na kiroba cha kwanza kimeletwa na bibi wa nyumba ya kona, amekifunga mwenyewe. Tunakuomba ukisimama ukipime, kisha utukabidhi viroba vya nyumba zilizojiandikisha.

Tunaomba kuwasilisha.

Ahsante sana.

Imeandaliwa na kusomwa kwa niaba ya wanakikundi,
Katibu wa Kikundi,
Kata ya Soweto, Moshi.